Gitaa langu limeharibika tangu nibadilishe nyuzi: nilipeleke Kampala au nijitengenezee?

Solo_wa_Malaba

Habari zenu wapiga gitaa. Nimekwama, naomba ushauri kabla sijamwaga pesa.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Mchana nahangaika na makaratasi ya malori, Jumapili napiga solo kanisani, na Jumamosi zikitokea harusi nakwenda. Gitaa langu ni la umeme, Squier Strat, nililinunua mkono wa pili kwa jamaa wa Bungoma aliyekuwa anaacha muziki aanze kufuga kuku. Huu ni mwaka wa tatu. Halijawahi kunisumbua hata siku moja. Natyuni, napiga, narudisha kwenye mfuko, basi.

Balaa lilianza Novemba. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ulikatika katikati ya harusi, na ulipokatika tu nyuzi zingine zote zikatoka kwenye tyuni, nikamaliza wimbo kwa kujifanya nacheza. Kesho yake nikasema afadhali nibadilishe zote. Malaba hakuna duka la vitu hivyo, kwa hiyo nikamtuma dereva wa taksi aendaye Kampala. Akanipigia simu akiwa dukani: "Kaka, kuna za 9 na za 11, bei moja, nichukue zipi?" Namba ni unene wa uzi. Nikamwambia chukua 11. Baba yangu alikuwa mwashi, mimi najua nondo ya 12 inaishinda ya 10, nikadhani na nyuzi ni hivyo hivyo.

Nikazifunga usiku ule ule. Zikakaa juu mno. Pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ungeweza kupitisha penseli chini yake (naongeza chumvi, lakini si nyingi). Nikimaliza wimbo mmoja vidole vimechorwa mistari kama daftari. Nikampelekea fundi mmoja wa redio hapa mjini, mtu mzuri tu, redio yangu aliitengeneza ikapona. Akatoa spana ndogo ya aleni, akashusha vile vipande sita vya chuma kwenye briji, pale mwilini nyuzi zinapoishia, mpaka chini kabisa. Dakika kumi, shilingi 15,000. Nikashukuru, nikaondoka.

Kufika nyumbani, kuanza sebene, nikaona nimebadilishiwa ugonjwa mmoja kwa manne. Kuanzia freti ya 10 kwenda juu kila noti inavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, lakini freti ya pili na ya tatu ni safi kabisa. Nikityuni vizuri kwa programu ya simu, halafu nikipanda freti ya 12, sauti inakuwa juu kuliko inavyotakiwa, mpiga kinanda ananitazama kama mimi ndiye mwenye kosa. Uzi wa tatu nikiukaza kule kichwani unanyamaza, unanyamaza, halafu unalia "tik!" na kuruka, nikiuvuta kwa kidole haurudi mahali pake. Na vile viskrubu vya kwenye briji sasa vimechomoza juu. Ukilaza kiganja kuzima nyuzi vinakudunga. Jumapili iliyopita nilitoka ibadani na damu kwenye mkono wa shati jeupe, mama mchungaji akaniuliza nimepigana na nani.

Kingine kidogo tu: tukipiga nje kwa jenereta, nikiwa nimeshika nyuzi halafu midomo ikagusa maiki, napigwa shoti. Hiyo si mpya, nimeizoea, nimeitaja tu ili msinilaumu kwamba nimeficha kitu.

Sasa, Kampala ni zaidi ya kilomita 200, kuna nauli ya kwenda na kurudi na siku ya kazi inapotea. Mtu mmoja ameniambia shingo imepinda, ninunue nyingine. Mwingine amesema ndani ya shingo kuna chuma, nikizungushe tu. Nakiogopa hicho chuma. Mnasemaje?

Besi_Mbale

Wazee wetu walipiga kwa nyaya za breki za baiskeli na watu wakacheza mpaka jua likatoka. Nyinyi gitaa likipiga chafya mnataka hospitali. Rudisha za 9 uone kama hakuponi.

Pole lakini kwa shati.

Fundi_Nsambya

Ndugu wa Malaba, Besi anatania lakini ameshika nusu ya jibu.

Mimi nilitoka Bukavu, niko Kampala mwaka wa 14, natengeneza magitaa kwenye chumba cha nyuma hapa Nsambya. Gitaa kama lako halipiti mwezi halijaingia mlangoni kwangu. Umeeleza vizuri hata sijaliona lakini naona lilipoumia. Huna magonjwa manne. Una mmoja, na uliusababisha kwa ile simu ya dereva.

Strat za Squier kwa kawaida hutoka kiwandani na nyuzi za 9. Seti ya 9 hadi 42 ikityuniwa kawaida huvuta shingo kwa kama kilo 38. Seti ya 11 hadi 49 huvuta karibu kilo 53. Yaani usiku ule ulichukua mtoto wa kilo 15 ukamning'iniza kwenye shingo ya gitaa, ukaenda kulala. Shingo ikavutwa mbele, ikajikunja kama upinde. Nayo briji ya Strat imeshikwa na springi zilizo mgongoni mwa gitaa. Nyuzi zikazishinda springi, briji ikanyanyuka. Hayo mawili ndiyo yaliyopandisha nyuzi zako. Fundi wa redio hakugusa hata moja, akashusha viti. (Vile vipande sita mimi naviita viti, maana kila uzi umekalia chake.)

Shingo ikiwa imejikunja halafu ukashusha viti, nyuzi zinabaki mbali katikati ya shingo lakini zinazilalia freti za juu, huku shingo inakoungana na mwili. Ndiyo maana freti ya pili ni safi na ya 12 ina nzi. Ungeniambia inavuma freti ya kwanza mpaka ya tano, ningesema shingo imenyooka kupita kiasi. Ungeniambia inavuma ukipiga uzi mtupu tu, ningekwenda kutazama kile kipande cheupe cha kichwani chenye mifereji sita. Mahali inapovuma ndipo pa kuanzia, watu hawaulizi hilo, wanakimbilia spana.

Kipande hicho cheupe ndicho kinacholia "tik". Mifereji yake ilichongwa kwa nyuzi za 9. Za 11 zimebanana mle kama abiria wanne kwenye kiti cha watu watatu. Unakaza, uzi umekwama, unakaza, umekwama, halafu unachomoka wote kwa mpigo. Ukiuvuta kwa kidole hauwezi kurudi kwa sababu hiyo hiyo. Na sauti kupanda freti ya 12 ni kwa kuwa uzi mnene unataka kuwa mrefu kidogo, kiti chake kirudi nyuma, na chako kiko pale pale pa uzi mwembamba.

Kwa hiyo kwanza ni nyuzi. Kila kipimo kwenye gitaa kinafuata nyuzi ulizofunga na tyuni unayotumia. Kwaya ikiamua mshuke nusu noti, mvuto umebadilika, gitaa si lile tena. Kwetu Kongo kuna ile mi-composé, unatoa uzi wa nne unaweka mwembamba uliotyuniwa oktavu moja juu. Waulize waliofunga hivyo wakasahau kurekebisha shingo na viti. Wewe rudi kwenye 9, usibishane na mbao. Ukitaka uzito kidogo siku za mbele, za 10.

Ukishafunga za 9 na kutyuni, pima shingo kabla ya kugusa chochote, maana inawezekana imerudi yenyewe. Funga kapo, kile kibano cha kubana nyuzi, kwenye freti ya kwanza. Huna kapo? Mwite mtoto abonyeze. Wewe bonyeza uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula. Chungulia freti ya 7 au 8: kati ya tumbo la uzi na mgongo wa freti kuna uwazi mdogo, unatakiwa uwe kama milimita 0.25. Kwa jicho huwezi. Nenda kwa fundi wa boda mwazime fila, zile bapa nyembamba za kupimia valvu. Tafuta iliyoandikwa 0.25 uipitishe. Ipite kwa kujisugua, isiunyanyue uzi.

Uwazi ukiwa mkubwa, ndipo unakiendea hicho chuma unachokiogopa. Nacho kiogope hivyo hivyo, ni vizuri. Tafuta spana ya aleni inayokaa kwenye tundu la chuma hicho bila kucheza hata kidogo, kwa sababu ukilimomonyoa tundu lile, hapo utanunua shingo kweli. Legeza nyuzi, zungusha robo mzunguko kwa mwendo wa saa, tyuni tena, pima. Robo tu. Ikigoma, acha, hiyo si nati ya tairi la lori. Halafu lala, mbao haikimbizwi, upime tena asubuhi.

Geuza gitaa, toa kifuniko cha plastiki mgongoni. Utaona springi zimeshikwa na kipande chenye skrubu mbili ndefu. Kiwanda kinataka briji inyanyuke nyuma kama milimita 3. Lakini nakuuliza: ule mkono wa briji, wa kuyumbisha sauti, unautumia? Wapiga sebene wengi tunautupa kwenye droo. Kama huutumii, kaza skrubu zote mbili sawasawa mpaka briji ilale kwenye mwili. Siku uzi utakapokatika harusini, tano zilizobaki zitakaa kwenye tyuni. Lile la kujifanya unacheza halitakupata tena.

Baada ya hapo tu ndipo unarudi kwenye viti. Chukua rula ya mtoto wa shule yenye milimita, iliyokatwa pale sifuri inapoanza. Freti ya 17, kutoka mgongo wa freti mpaka chini ya uzi, milimita 1.6 uzi wa kwanza na wa sita, za katikati zifuate mviringo wa shingo. Utashangaa viskrubu vitazama vyenyewe, kwa sababu viti vimepanda. Kila skrubu inayokudunga kiganjani ni dalili kwamba kiti kimeshushwa ili kuficha tatizo la mahali pengine.

Mwisho ni usawa wa noti. Gusa uzi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kubonyeza, piga, inua kidole: unapata sauti ya kengele. Kisha bonyeza pale pale, piga. Programu ya simu ikisema ya kubonyeza iko juu, kiti kirudi nyuma. Iko chini, kije mbele. Kila ukikisogeza, tyuni upya ndipo upime. Hii ifanye na nyuzi mpya, nyuzi zilizokula jasho miezi minne hazisemi ukweli.

Haya yote utayafanya mwenyewe mezani. Mawili niachie mimi au fundi mwingine mwenye faili zake: kuchonga mifereji ya kichwani, na kusawazisha freti. Mfereji ukiupitisha sehemu ndogo tu ya milimita chini ya kipimo, kipande kimekufa. Nimeona mtu amechonga kwa msumeno wa chuma. Mimi natoza 100,000 kwa marekebisho yote, nyuzi uje nazo. Freti zikihitaji kusawazishwa tunaongea upya, hiyo ni kazi ya siku nzima. Lakini jaribu kwanza nyumbani.

Binti_Arua

Fundi amesema yote ila mimi niko Arua na huku kuna jambo jingine ambalo watu wa karibu na ziwa hawalijui.

Kuanzia Desemba mpaka Februari mwishoni upepo ukavu unakuja, ngozi inapasuka, na gitaa vivyo hivyo. Mwaka juzi, Januari, nilikuwa nateleza kwenye shingo kutoka G kwenda D, nikahisi kama nimepitisha kidole kwenye kingo ya bati. Ncha za freti zilikuwa zimetokeza pembeni. Freti hazikui, ni mbao iliyosinyaa. Seremala mmoja akaja na tupa yake tayari kuzisaga. Kaka yangu ndiye aliyemzuia. Tukaweka gitaa ndani ya boksi lake na kile kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyolowa na kukamuliwa mpaka haidondoki, kando ya kichwa. Wiki mbili. Ncha zikarudi karibu zote, na mvua za Aprili zikamaliza kazi. Lile tupa lingepita, mwezi wa nne ningekuwa na freti fupi.

Kwa hiyo sasa napima shingo mara mbili kwa mwaka, kiangazi kikianza na mvua zikianza. Huku kwetu robo mzunguko wa Januari unaurudisha Mei.

Na gitaa msilipake mafuta ya kupikia! Kuna kijana wa kwaya yetu alipaka mafuta ya alizeti kwenye ubao wa vidole ili "ung'ae". Uling'aa. Mwezi wa pili ukawa na harufu ya kikaango kilichosahauliwa, na utando wa kunata ukijaa vumbi kando ya kila freti. Tulikwangua kwa kadi ya simu. Kama ubao ni ule mweusi usiopakwa vanishi, tone mbili tatu za mafuta maalumu ya gitaa mara moja kwa mwaka, ufute yote. Kama ni ule mweupe wenye vanishi, kitambaa kikavu tu. Kinachookoa nyuzi ni kuzifuta kila baada ya ibada, juu na chini, chini ndiko jasho linakojificha.

Mzee_wa_Walukuba

Wanangu, mmeongea vizuri habari za shingo. Hakuna hata mmoja aliyejibu la shoti.

Mimi nilipiga gitaa kwenye bendi ya kiwanda hapa Jinja, mwaka ule ule bendi ya Afrigo inaanzishwa kule Kampala, 1975, na baadaye nikawa fundi umeme mpaka nikastaafu. Kijana wa Malaba, uliliandika mwisho kama jambo dogo. Ndilo la kwanza. Freti inayovuma haijawahi kumzika mtu. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa maiki ambayo haikuwa na ardhi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Alikuwa kijana.

Nyuzi zako zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia waya wa ndani ya gitaa. Maiki imeunganishwa na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Vyombo hivyo viwili vikiwa havina ardhi moja, kimoja kinaweza kuwa na volti ambazo kingine hakina, na njia pekee ya kukutana ni midomo yako, kifua chako na mkono wako. Umeme wetu ni volti 240. Huzoei. Unabahatika.

Nataka uniambie ukweli. Plagi ya amplifaya yako ina meno matatu, au ni ile ya meno mawili mnayochomeka kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu?

Solo_wa_Malaba

Shikamoo mzee. Ni kalamu. Umetuona?

Mzee_wa_Walukuba

Marahaba. Sikuwaona, najua watu wangu.

Tundu hilo la juu mnaloliziba na kalamu ndilo la ardhi. Weka plagi ya meno matatu, na hakikisha fundi umeme ameunganisha waya wa ardhi ndani ya amplifaya kwenye bodi ya chuma, si kuuacha unaning'inia. Amplifaya na mikisa vyote vipate umeme kutoka ekstensheni moja nzuri. Jenereta nalo lichimbiwe nondo ardhini, liunganishwe na waya mnene, hiyo nondo ya 12 unayoipenda itapata kazi. Kabla ya kuimba, chukua mita, iweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma karibu na sifuri, imba. Ikisoma makumi, zima kila kitu. Sponji ya maiki inasaidia usigusane na chuma, lakini hiyo ni plasta juu ya jipu.

Na mtu asije akakuambia ukate waya wa ardhi ndani ya gitaa. Ule mngurumo wa chini unaopungua ukishika nyuzi ni kawaida ya pikapu za aina yako, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi. Acha ungurume.

Solo_wa_Malaba

Wakubwa, nimerudi baada ya majuma mawili. Nawaletea ripoti kama ya forodha.

Plagi ya meno matatu imewekwa. Jumamosi tulipiga Tororo kwa jenereta, nondo imechimbiwa, kijana wa mitambo akanicheka mpaka nilipotoa mita. Ilisoma volti 1 na kitu. Kabla ya nondo na plagi, nyumbani nilijaribu kwa kalamu yangu ile ile, ikasoma 87. Sikumwambia mke wangu.

Nyuzi za 9 zilifika. Fundi wa boda aliponiazima fila aliniuliza pikipiki iko wapi. Nikamwonyesha gitaa. Akaita wenzake wote wa stendi, kwa hiyo shingo yangu imepimwa mbele ya watu 11, kila mmoja na maoni. 0.25 iliingia huku inapwaya, 0.40 ikakaa. Nikazungusha robo mzunguko, mikono inatetemeka, mbao ikatoa kamlio kadogo nikadhani nimeua. Asubuhi 0.30. Nikaongeza kidogo sana, siku ya pili 0.25 ikapita kwa kujisugua kama ulivyosema. Briji nimeilaza, mkono uko kwenye droo. Viti vimepanda, viskrubu vimezama, kiganja kimepona. "Tik" imekwisha. Freti ya 12 na kengele zinakubaliana, isipokuwa uzi wa sita ambao bado uko juu kwa unywele.

Limebaki moja. Uzi wa kwanza na wa pili, freti ya 13 peke yake bado inavuma. Ya 12 safi, ya 14 safi, ya 15 safi. Nimepandisha viti mpaka milimita 2, bado.

Fundi_Nsambya

Umefanya kazi ya kiume. Huo uzi wa sita, rudisha kiti nyuma nusu mzunguko wa skrubu, utakaa.

Sasa chukua kadi ngumu, ya benki au kitambulisho chako cha taifa. Simamisha ubavu wake juu ya freti tatu kwa pamoja, 13, 14 na 15, chini ya nyuzi mbili za mwanzo. Itikise. Inacheza kama meza yenye mguu mfupi?

Solo_wa_Malaba

Inacheza. Tka tka tka. Nikiisogeza kwenye 10, 11, 12 imetulia kabisa. Nikibonyeza ncha ya freti ya 14 kwa ukucha inashuka kidogo halafu inarudi.

Fundi_Nsambya

Basi si shingo wala viti. Freti ya 14 imenyanyuka kwenye mfereji wake, wewe ukibonyeza ya 13 uzi unaigonga ya 14. Hiyo usiipige nyundo nyumbani, ukiipiga ncha moja nyingine inainuka. Inashushwa kwa kibano na gundi, inaachwa ikauke, ndipo inasawazishwa na wenzake. Ni freti moja, sitakutoza ya freti zote. 40,000, ulale Kampala usiku mmoja.

Njoo Alhamisi. Kwenye basi kaa nalo, lisiende kwenye buti wala juu ya injini, joto la pale linalegeza gundi zote. Nyuzi ziache zimetyuniwa. Na uje na zile za 11, nina mteja anapiga tyuni ya chini, zitamfaa.

Besi_Mbale

Nilisema rudisha za 9. Nilisema au sikusema?

Solo_wa_Malaba

Ulisema, Besi. Soda yako iko Tororo.

Fundi, Alhamisi nitakuwa Kampala saa nane mchana, nitakuandikia faraghani nikishuka. Za 11 samahani, hazipo tena. Mama watoto amezifungia mlango wa banda la kuku, na anasema hajawahi kupata waya mzuri kama ule.